Kidoa Chini ya Kope

Watu wa mtaa ule walimwita Msafi, na wala si kwa sababu ya mashati yake. Mashati yake yalikuwa ya kawaida tu, na suruali moja aliivaa mpaka magoti yakang'aa. Alikuwa mpiga picha, mwenye studio ya chumba kimoja iliyobanwa kati ya duka la vioo na kinyozi, na sifa yake ilikuwa hii: ukiingia kwake na chunusi utatoka nayo, lakini picha yako itatoka bila. Chunusi, makovu, mabaka, weusi wa macho ya mtu asiyelala, vyote alivifuta kwenye kompyuta kimoja kimoja, kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Tena hakufuta ovyo kama hawa wenzake wanaompaka mtu sura mpaka mama mzazi anauliza huyu ni nani. Ngozi aliiacha ibaki ngozi. Ukitazama picha ya Msafi unaona ni wewe kabisa, ila siku uliyoamka vizuri kuliko siku zote.

Kazi yote hiyo aliifanya kwa lenzi moja. Ilikuwa lenzi ya makro, isiyo na zumu. Ukitaka mtu aonekane mkubwa unasogea kwa miguu yako mwenyewe. Aliinunua kwa mpiga picha mmoja mzee aliyekuwa anaiaga kazi, mwaka ule binti yake alipoanza shule, na sasa binti huyo alikuwa mrefu kumzidi mama yake. Asubuhi lenzi ilipiga pete za sonara na mbegu za duka la pembejeo, vitu vidogo ambavyo lenzi nyingine zikivisogelea zinaona ukungu tu. Mchana ilipiga sura za watu. Msafi mwenyewe alikuwa akisema lenzi hii haina adabu. Inamtazama mtu kama mama mkwe anavyomtazama mke wa mwanawe siku ya kwanza, haibakizi kinyweleo. Ndiyo maana kazi ya kusafisha ilikuwa kubwa, na ndiyo iliyomlisha.

Dirishani mwa studio palikaa picha ya mkewe. Kila mwaka, wakati wa kuadhimisha siku waliyofungua studio, alimkalisha kwenye stuli ile ile, akampiga picha ya uso, akaisafisha, akaweka mpya dirishani na ya zamani akaitundika ndani ukutani pamoja na dada zake. Kina mama walisimama barabarani wakaitazama, halafu wakaingia wakasema wanataka kutoka kama yule. Mkewe ndiye aliyekaa kaunta kupokea wateja, na kila mara aliwajibu kwa kicheko kwamba hata yeye anatamani kutoka kama yule. Watu walicheka, Msafi naye akacheka. Hakuna aliyelitia neno lile akilini.

Kuna tabia nyingine ya Msafi inabidi muijue, kwa sababu ndiyo iliyomponza. Picha ikishasafishwa, ile ya kwanza aliitupa. Aliifuta kwenye kamera, akaifuta kwenye kompyuta, akalifuta na lile pipa la kompyuta linalokaa na taka. Kuiweka sura ya mteja kabla haijanawa aliona ni kumvunjia heshima. Alikuwa na rafiki, mpiga picha wa harusi, mtu asiyetupa hata kifuniko cha kalamu, na Msafi ndiye aliyembandika jina la Jalala. Jina likaganda, mpaka wateja wa Jalala wakawa wanamwita hivyo mbele ya watoto wake.

Sasa, mkewe Msafi alikuwa na kidoa cheusi chini ya jicho la kushoto, ukingoni kabisa, pale kope za chini zinapoota. Kilikuwa kidogo, wala si cha mtu kukigeukia. Siku moja alikwenda hospitali kupimwa miwani, maana namba za risiti zilikuwa zimeanza kumchezea. Daktari wa macho, mama mmoja mpole wa maneno machache, akamwangaza kwa kurunzi, akakawia kwenye jicho lile la kushoto, akazima, akaangaza tena. Halafu akamuuliza kidoa hiki kina muda gani.

Mkewe akasema kipo tangu zamani. Daktari akamweleza vizuri tu, bila kumtisha, kwamba vidoa hivi watu wengi wanavyo na vingi havina neno, ila kile kinachobadilika ndicho wasichokipenda. Daktari wa kupasua kope hakai pale, huja kwa zamu, na zamu yake ilikuwa wiki inayofuata. Akiondoka atarudi baada ya miezi mingi. Foleni yake ilikuwa imejaa. Kama kidoa kimekaa vile vile miaka yote, mgonjwa anaweza kusubiri zamu ijayo wakikiangalia. Kama kimekua, basi yeye mwenyewe atamwombea nafasi, aingizwe wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu, kimekua au hakikukua?

Mkewe hakujua. Nani anakodolea ukingo wa jicho lake mwenyewe? Asubuhi mtu unajipaka wanja mbiombio huku maji ya chai yanamwagika jikoni. Lakini akacheka kwa furaha, akasema hapo daktari ameuliza panapofaa, maana mume wake ni mpiga picha na anampiga kila mwaka kwa lenzi inayoona hadi vinyweleo. Daktari akafurahi. Akamwambia alete picha hizo kabla ya daktari yule mgeni kufika.

Alirudi studio akaisimulia habari hiyo kama mtu aliyeokota bahati, huku anavua kandambili chini ya kaunta. Msafi alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia lenzi. Akasema, sawa, nitazitafuta. Ndivyo alivyosema, jamani, nitazitafuta, na picha zenyewe zilikuwa zinamtazama kutoka ukutani, mstari mzima, kila jicho la kushoto jeupe peee kama sahani iliyooshwa.

Akaanza kutafuta kile alichojua hakipo. Mkewe akienda sokoni, yeye huyo kwenye kompyuta, anafungua kila faili, anapekua hadi yale ya vitambulisho vya wanafunzi. Hakuna. Alikuwa msafi kwelikweli, ole wake. Akachukua simu ya binti, kumbe simu ile inamlainisha mtu yenyewe bila kuombwa. Mama mtu alitoka humo na uso kama wa mwanasesere. Akaivuta picha ya ndoa yao kutoka sebuleni. Ilipigwa kwa mbali na mtu aliyependa zaidi mapazia ya ukumbi, na jicho la bibi harusi lilikuwa dogo kuliko kichwa cha pini. Kitambulisho chake cha kazi ya zamani kilikuwa kimepauka. Kijasho chembamba kikawa kinamtoka Msafi mchana kweupe, feni inazunguka juu ya kichwa chake.

Chakula kilimshinda. Alipokaa na mkewe mezani alijikuta anamkodolea jicho la kushoto, akishtukiwa anageukia chumvi. Mkewe akamwambia akome kumtazama kama polisi wa getini. Akasema kama kuna ugonjwa ataambiwa na daktari, na kama hakuna, wasiwasi wake Msafi utamletea ambao hana. Alisema kwa mzaha, lakini Msafi aliona kwamba naye siku hizi akipita mbele ya kioo cha jirani anapunguza mwendo.

Siku zikayoyoma. Mgeni wa hospitali alikuwa anakaribia, na asubuhi moja mkewe akaja na bahasha, akaifungua mdomo kwa vidole viwili, akaomba picha azitie.

"Hazipo," Msafi alisema.

"Hazipo vipi? Si zile ukutani?"

"Zile zimesafishwa. Kidoa nilikitoa. Kwenye zote."

Mkewe alizigeukia. Alikwenda nazo moja baada ya nyingine, taratibu, kama mteja. Alipofika ya mwisho alikuwa bado ameshika bahasha wazi.

"Kwani kilikuwa kinakuudhi?"

"Hapana, mke wangu. Wallahi hapana. Mkono tu umezoea."

"Mimi nilikuwa nadhani ni taa," mkewe alisema. "Nikisema taa za mume wangu ni nzuri, hata kidoa hakionekani."

Msafi alitamani mkewe amtukane, avunje kitu, afanye lolote. Hakufanya. Aliiweka bahasha kaunta, akaingia mteja akataka picha za pasipoti, akampokea kwa sauti ile ile ya kila siku. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote juu ya mtu anayemfichia mwenzake maradhi kwa miaka, tena kwa ustadi, tena akasifiwa. Msafi alikaa nyuma ya pazia la studio akasikia aibu inampanda kutoka miguuni.

Kesho yake sonara alileta pete ya kupigwa. Kazi ni kazi. Msafi akaifunga kamera kwenye stendi, akaizungusha lenzi kuelekea mwisho wake wa karibu, na lenzi ikatoa ule mlio wake mdogo inapogonga mwisho, tk. Hapo mkono wake ukaganda.

Alikumbuka siku aliyoinunua. Yule mzee alimwambia lenzi ya makro haijaribiwi kwenye gazeti wala ukuta wa matofali, inajaribiwa kwenye kope za mtu. Zungusha mpaka mwisho, msogelee mpaka umwone ukope mmoja mmoja. Msafi alikwenda moja kwa moja nyumbani, akamkalisha mkewe dirishani huku mama wa watu ana unga mikononi, akazungusha mpaka ikalia tk, akapiga. Jicho lipi? La kushoto. La kushoto ndilo lililokuwa upande wa mwanga. Na picha ile hakuisafisha, maana haikuwa picha ya mtu, ilikuwa picha ya lenzi. Aliitazama, akafurahi, halafu akaifuta kama ilivyo desturi yake. Lakini kabla ya kuifuta alimtumia Jalala nakala ili amrushe roho.

Pete ya watu aliiacha pale pale mezani na mlango akamwachia mkewe bila maelezo.

Duka la Jalala lilikuwa vile vile. Miavuli ya flashi iliyovunjika mbavu, maua ya plastiki ya harusi za watu walioachana siku nyingi, nyaya zimelala juu ya nyaya. Jalala alipomwona anahema akaanza utani wake, akamuuliza leo usafi umekwisha dukani mpaka amekuja kununua taka? Msafi akamweleza. Alimweleza yote, hata lile la taa. Jalala akaiweka chini sambusa aliyokuwa anakula, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema tu, "Shemeji? Haya, kaa hapo."

Diski zake alikuwa amezitia kwenye bati la biskuti. Akachomeka ya kwanza, harusi tupu. Ya pili, harusi. Nyingine ilipochomekwa ikaanza kutoa sauti ya kukwaruza, ikakwaruza, ikanyamaza, na haikuamka tena. Jalala akaitikisa sikioni. Msafi akauliza kama ndiyo yenyewe. Jalala akasema hajui, inaweza kuwa ndiyo, ilikuwa ya miaka ile. Basi Msafi akainama, kichwa katikati ya magoti, akawa anasali bila maneno ya kusalia. Alikuwa radhi aitwe jalala yeye na kizazi chake, mradi kitu kile kiwepo mahali.

Kilikuwepo. Kilikuwa kwenye diski ya chini kabisa ya bati, ndani ya faili ambalo Jalala alilipa jina MAJIVUNO YA MSAFI. Humo alikuwa ameweka kila kitu alichowahi kutumiwa kwa kuringiwa: nyuki, pete, punje za mahindi, tone la maji kwenye jani. Na kope. Jalala akaona haya kidogo kwa ajili ya lile jina la faili, lakini Msafi wala hakulisoma.

Kope zilikuwa zimesimama wima, zote, hakuna iliyokosekana. Chini yake, mbali nazo kidogo, kulikuwa na kidoa cha duara, kidogo kama punje ya ulezi, kingo zake laini.

"Kapige nyingine hivi hivi," Jalala alisema. "Lenzi si ni ile ile?"

Ilikuwa ile ile. Na hapa ndipo lenzi hii ilipomfaa kuliko kamera yoyote ya mjini, kwa sababu ikifika mwisho wake wa karibu haisogei zaidi, na mwisho ule ni ule ule leo na miaka yote. Ukiizungusha hadi ilie tk, ukasogea mpaka kitu kionekane vizuri, basi umesimama umbali ule ule uliosimama zamani, utake usitake. Kidogo kitatoka kidogo na kikubwa kikubwa. Ukizilaza picha mbili pamoja huhitaji hata rula.

Mkewe alikuwa amekwisha jua kwamba kuna jambo, maana pete ya sonara ilikuwa imeachwa peke yake na hilo halijawahi kutokea. Alipoelezwa alikwenda akakaa kwenye stuli na kulitazama dirisha. Msafi akazungusha lenzi, akaisikia inagonga mwisho, akaisogeza na stendi yake mpaka mdomo wa lenzi ukakaribia shavu lake. Kwa ukaribu ule, fokasi ni nyembamba kuliko uzi. Mtu akivuta pumzi tu, ukope unaingia ukunguni. Miaka yote Msafi alikuwa akiwaambia wateja, usipumue. Sasa alipiga, ukungu. Akapiga tena, ukungu. Mkewe alikuwa ametulia kama maji mtungini.

"Ni wewe unayetikisika," mkewe alisema polepole bila kugeuza jicho. "Ondoa mkono kwenye kamera. Tumia ile waya ya kufyatulia."

Akatumia waya. Picha ikatoka kali.

Akaziweka pamoja kwenye kompyuta, ya zamani kushoto, ya leo kulia, na mkewe akaja akasimama nyuma ya kiti. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Ulezi ulikuwa umekuwa mtama. Kingo zilikuwa zimeraruka, upande mmoja umepanda juu mpaka kwenye mstari wa kope, na pale ulipopanda kope hazikuwepo. Kulikuwa na pengo tupu, ngozi tu inayong'aa.

Msafi alilitazama pengo lile. Alilijua. Alikwisha kukutana nalo.

Mwaka jana alipokuwa anaisafisha picha ya dirishani aliliona, na mwaka juzi aliliona likiwa dogo zaidi. Alifikiri ni wanja, au mkewe amejisugua jicho kwa usingizi. Alichukua brashi nyembamba kuliko zote za kwenye kompyuta akachora kope, moja moja, akazipinda ncha, akaziwekea kivuli, na alipomaliza alirudi nyuma kwenye kiti akajipongeza. Kazi ile ilimchukua nusu siku. Jalala mwenyewe asingejua. Msafi akageuza shingo ukutani, na kope alizozichora mwaka juzi zilikuwa pale kwenye fremu, nzuri kupita zote.

"Zile nilizichora mimi," alisema.

"Zipi?"

"Za pale kwenye pengo. Mwaka jana. Na mwaka juzi."

Mkewe aliigeukia fremu ile, kisha akamgeukia yeye.

"Kumbe uliliona."

"Niliona pengo, nikaliziba. Sikuuliza."

"Na mimi nilikuwa hapo kaunta," mkewe alisema. "Ungeniita tu."

Msafi akaanza kulia, tena kile kilio kibaya cha mwanaume asiyekizoea, mabega yanapanda na kushuka. Mkewe alimtazama kidogo. Alikuwa na hasira, msidhani hakuwa nayo, na hofu ilikuwa juu ya hasira. Akachukua mkoba, akachukua kanga yake iliyokuwa kwenye kiti.

"Zitoe hizo picha twende," alisema. "Kulia utalia tukirudi."

Daktari wa macho aliziweka picha mbili mezani, akainama juu yake, akavua miwani, akavaa. Hakuongea sana. Alichosema ni kwamba amefurahi wamekuja nazo leo na si kesho, halafu akanyanyua simu akamwita mtu kwa sauti ya chini. Mkewe aliingizwa kwenye foleni ya wiki ile. Daktari mgeni alimpasua, akakata kidoa na ngozi kidogo ya pembeni kila upande, akaishona kope. Akawaambia wazi ni saratani, ya aina inayotambaa polepole, lakini ikiingia ndani ya tundu la jicho hairudishwi kwa maneno matamu. Kipande kikapelekwa maabara kuangaliwa kama kingo zake ni safi.

Wakati wa kusubiri majibu ndio uliomla Msafi kuliko wote. Neno lile, kingo safi, lilimkaa kichwani mpaka akawa hawezi kushika brashi. Alikaa mbele ya kompyuta akakuta sura ya mteja, chunusi hii hapa, kovu hili hapa, mkono unakataa. Wateja wakaanza kunung'unika. Bwana harusi mmoja alirudisha picha akauliza kama fundi amesafiri. Nyumbani, mkewe alilala na bandeji juu ya jicho, na Msafi alikaa ubavuni akimsikiliza anavyopumua. Aliogopa hata kumgusa bega. Mkewe ndiye aliyeuchukua mkono wake siku moja, bila kufumbua lile jicho zima, akauweka juu ya blanketi. Akamwambia bado amekasirika, lakini asiondoke.

Majibu yakaja. Kingo zilikuwa safi. Daktari wa macho aliyasoma mara mbili, akasema mgonjwa atakuwa anarudi kuangaliwa, na kwamba kama wangengoja zamu ijayo asingethubutu kuwaahidi jicho. Msafi alitoka nje ya chumba akakaa kwenye benchi la korido. Mtu wa usafi aliyekuwa anapiga deki akamwomba anyanyue miguu, akainyanyua, akasahau kuishusha.

Mwaka ulipotimia, mkewe alikaa tena kwenye stuli. Jicho la kushoto lilikuwa na kovu lililoivuta kope ya chini kidogo, na mahali pale hapakuwa na ukope hata mmoja wala hautaota. Msafi alipiga. Aliifungua kwenye kompyuta, na mkono wake wenyewe, kwa mazoea, ukaenda kwenye brashi. Akauondoa. Akaichapa vile vile akaitia dirishani, na zile za ukutani akazishusha zote, ila moja ya mwaka jana, ile yenye kope za kuchora, ambayo mkewe alisema ibaki ili wapate cha kugombania.

Haukupita muda akaingia shangazi mmoja mnene mwenye manukato, anataka picha ya kumpelekea mchumba aliyempata uzeeni. Akasimama kaunta akalielekezea dirisha kidole.

"Fundi, siku hizi umechoka? Yule mama wa watu si ungemsafisha jicho?"

Msafi alifungua mdomo, lakini mkewe alimwahi kutoka nyuma ya kaunta.

"Alinisafisha miaka mingi, shangazi. Nusura niishe."

Shangazi hakuelewa, akacheka tu kwa sababu mkewe alikuwa anacheka. Akaenda akakaa, akajiweka sawa kifua, akageuza shingo upande anaoupenda, halafu akagusa chini ya sikio lake, penye kidoa cheusi, akasema hiki hapa fundi unakijua cha kukifanya. Msafi alikuwa amekwisha inamia kamera. Akainua kichwa, akaja mpaka karibu yake, akakitazama kwa macho yake mwenyewe bila lenzi.

"Nitakifanya utakavyo," alisema. "Lakini kwanza niambie, shangazi. Hiki kina muda gani hapa?"